Wati Tano

Khatibu, Haisi yako iko pale pale,
nyuma ya nyumba, Limbani, ubavuni mwa ukuta wa Bi Mize.
Uliing'oa viti ukatia kitanda, sinki na kabati,
ukaiita nyumba. Mapazia uliyoshona kwa vitenge vya mama
yameanza kupauka upande wa kibla.

Ulipoondoka ulisema: liwashe kila Ijumaa.
Nikaliwasha Ijumaa tatu.
Ya nne palikuwa na maziko, ya tano mvua,
ya sita nikatia ufunguo, likatoa sauti ya mtu
aliyetaka kusema neno akaghairi.

Nikamwita Fundi Shaame.
Akafunua kiti, akagusa nyaya, akajifuta mkono surualini.
"Betri haifi kwa kazi, dada. Hufa kwa kukaa.
Hata ukizima kila kitu, saa ile ya mbele inakunywa,
redio inakunywa ikiwa kimya,
na betri yenyewe hujila."

Akaniletea kioo cha jua kimoja,
hakizidi daftari la mwanafunzi.
Wati tano. Nikamlipa kwa mafungu mawili.
Akakilaza juu ya paa, akapitisha waya
katika dirisha lile lisilofunga sawasawa, unalijua.

Bi Mize akachungulia ukutani:
"Kijisahani hicho kitajaza nini? Hata simu yangu hakiiwezi."
Shaame hakuinua kichwa.
"Hakijazi, bibi. Kinalipia kinachovuja."

Neno lile nikaingia nalo jikoni.
Wiki nzima nikikuna nazi nalo.

Na kwenye waya kuna kidude cheusi, mfano wa pilipili manga.
Diodi, ati. Kazi yake kuruhusu kwenda na kukataza kurudi,
usiku betri isije ikalirejeshea jua mali yake.
Nikacheka, Shaame asijue nacheka nini.
Njia kama hiyo naijua mie:
gati ya Mkoani, boti ya asubuhi,
wewe na begi lako la buluu.

Msimu wa karafuu ulipofika, jua likawa la kugombaniwa.
Majamvi yakatandwa mpaka mlangoni, sina pa kukanyaga.
Nassoro wa Bi Mize, miaka tisa, akapewa kazi ya kupindua karafuu,
nami nikamwongeza ya kupanda paa la gari
kufuta vumbi kwa kanga yangu kuukuu.
Mia kwa siku.
Siku ya wingu anakuja vilevile,
anatazama juu kama mhasibu, anasema:
"Leo kimekunywa tone," anadai mia yake.

Wewe nawe hutuma sauti kutoka Maskati.
Sekunde kumi na moja. Sekunde tisa.
"Dada, hujambo, n'mechoka, kesho n'tasema."
Naziweka. Sizifuti.

Juzi ukatuma ndefu, dakika nzima, lori la maji linanguruma nyuma yako:
Liuze. Mnunuzi yuko Chake, atang'oa kitanda, atabebea magunia.
Kubali bei yoyote.
Gari hilo limeshakufa.

Nikatoka na unga mikononi.
Nikatia ufunguo.

Miezi kumi na minne, Khatibu.
Likawaka mara moja! Kuku wa Bi Mize wakaruka ukuta,
Nassoro akapiga ukelele kana kwamba jua ni lake.

Sikwenda popote. Sijui kuendesha, unajua.
Nilizima, nikawasha kitaa cha juu ya kitanda,
nikala muhogo wangu humo ndani miguu nimeinyoosha,
nikaisoma ramani uliyoibandika mlangoni mwa kabati:
Tanga. Lushoto. Iringa.
Tunduma umeizungushia wino mara mbili,
na pembeni, kwa mwandiko wako mbaya: mie na dada.

Sijakujibu.
Kesho baada ya alasiri Shaame anakuja
kunifunza klachi.